Namna ya kuandika riwaya ya fumbo na hofu inayotokea ndani ya hame: mwongozo kamili

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kuogopa hame, yaani kijiji kilichohamwa kikabaki magofu. Alilelewa akiambiwa asipite penye magofu wakati wa magharibi, asiitike akiitwa jina lake mara moja tu, asichume embe la mti usio na mwenyewe. Kazi ya kumtia hofu imekwisha kufanywa na bibi yake, na kwa hiyo kurasa ishirini za mwanzo za riwaya ya namna hii huandikika kwa urahisi mno. Ugumu huanza ukurasa wa ishirini na moja, pale mwandishi anapogundua kwamba ana upepo, bundi na mlango unaojifungua wenyewe, lakini hana kisa.

Mwongozo huu unashika kanuni moja na kuifuata hadi mwisho: swali linalomtisha msomaji na swali linalomfanya apeleleze lazima liwe swali lilelile. Msomaji anapouliza, "Ni nani anayeimba usiku kwenye kijiji kisicho na watu?" awe pia anauliza, "Ni nani aliyemuua karani?" bila kujua kwamba jibu ni moja. Wazo hili si geni kwetu. Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi wake Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapwa mwaka 1960, aliiweka maiti mahali penye mzimu, na tangu hapo upelelezi na mzimu vimekuwa jirani katika riwaya ya Kiswahili. Kinachokosekana katika miswada mingi ya leo ni ule uzi unaowaunganisha majirani hao.

Ili maelezo yasielee hewani, tutajenga riwaya moja ya mfano hatua kwa hatua. Inatokea ndani ya hame la kubuni tutakaloliita Mikwajuni, katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, mwaka 1996.

Hatua ya kwanza: amua watu waliondoka kwa nini

Usianze na mzimu. Anza na siku ya kuhama. Kijiji hakiachwi bila sababu, na sababu hiyo ndiyo itakayokupa wahusika, siri, vitu vilivyosahauliwa na hata namna nyumba zilivyobomoka. Kijiji kilichokimbiwa usiku mmoja huacha vyungu juu ya mafiga. Kilichohamwa polepole kwa kukauka kwa kisima huacha nyumba tupu zilizofagiwa, maana wenyewe walibeba hadi milango.

Historia yetu ina sababu za kila namna. Gede, karibu na Malindi, ulikuwa mji wa mawe wenye msikiti mkubwa, jumba la mfalme na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, na ulihamwa mapema katika karne ya 17. Watafiti wametaja mashambulizi, mvurugo ulioletwa na Wareno na kushuka kwa maji visimani, na bado hawajaafikiana. Katika wilaya ya Liwale serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi miaka ya 1940 kwa hoja ya kupambana na malale, na ardhi yao ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Kila kisa kati ya hivi kinatosha riwaya.

Mikwajuni, hata hivyo, iliachwa kwa sababu ya Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa katika muda huo mfupi, wengine kwa hiari, wengine kwa malori na mgambo, na zipo sehemu ambazo nyumba zilichomwa moto au kuezuliwa ili wenyewe wasirudi. Kwa mwandishi wa hofu, tukio hili lina utajiri usiopatikana katika hadithi ya pepo aliyekilaani kijiji. Kuna orodha, kuna karani aliyeiandika, kuna balozi wa nyumba kumi aliyeithibitisha. Mahali penye orodha pana uwezekano wa jina lililoandikwa kwa uongo.

Lindi na Mtwara zinaongeza jambo moja muhimu, nalo ni korosho. Mkorosho ukishapandwa huzaa kwa miaka mingi, na watu walipohamishwa waliiacha mikorosho yao mbali, mahali pengine mwendo wa nusu siku. Zao hilo, ambalo katika msimu wa 1973/74 lilifikia takribani tani 145,000 kwa Tanzania nzima, likaporomoka katika miaka iliyofuata, na kuhamishwa kwa wakulima ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Mti wenye thamani umeachwa porini peke yake, nao unazaa kila mwaka. Hapo riwaya imekwisha kupata nia ya uhalifu, na mwandishi hajavumbua hata shetani mmoja.

Hatua ya pili: amua ni nani ambaye hakuondoka

Hili ndilo swali ambalo riwaya yote italizunguka. Andika ukweli mzima kwanza, kwa mpangilio wa miaka, katika ukurasa ambao msomaji hatauona kamwe. Mwandishi anayegundua muuaji wake akiwa sura ya kumi na tano atalazimika kurudi nyuma kupachika madokezo, na mahali pa kupachika huonekana kama kiraka.

Ukweli wa Mikwajuni ni huu. Mwaka 1974, siku ya malori, mjane mmoja alikataa kuliacha kaburi la mumewe akajificha porini. Shemeji yake, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi, alimwandikisha kwamba amehama, kisha baada ya miezi michache akatangaza kwamba amefariki, na huko kijiji kipya likachimbwa kaburi lisilo na mtu. Kumbe alikuwa akimpelekea chumvi, kibiriti na kipande cha nguo, na kwa malipo hayo mjane aliokota na kukausha korosho za kijiji kizima, naye shemeji akaziuza kama zake. Mwaka 1978 karani wa ununuzi wa korosho alishangaa kuona mtu mwenye miche michanga akileta magunia mengi kuliko wenye mashamba. Alimfuata kimyakimya hadi hameni, na hakurudi. Kijijini ikasemwa kwamba ameliwa na simba. Shemeji alimwambia mjane kwamba maiti ya karani iliyo kisimani itahesabiwa kuwa kazi yake yeye, na kwamba akionekana atanyongwa. Mwaka 1996 mjane bado yuko hai.

Lakini wanakijiji nao walikuwa na maelezo yao. Kusini wanasema juu ya ndondocha, yaani mtu anayedhaniwa amekufa kumbe amechukuliwa na mchawi ili amtumikie usiku shambani. Sehemu nyingine huitwa msukule. Watu wa kijiji kipya walinong'ona kwa miaka mingi kwamba utajiri wa shemeji unatoka kwa ndondocha wake, na kwamba ndiye anayesikika akiimba huko hameni. Uvumi huo ni wa kichawi, na kwa kila kitu isipokuwa uchawi ni wa kweli: yupo mtu aliyetangazwa amekufa, hana kaburi la haki, anafanya kazi kwa ajili ya mwingine, na hawezi kurudi kwao. Ukiweza kuufikia mpangilio wa aina hii, ambamo imani ya watu inasema ukweli kwa lugha yake, umeipata riwaya, na hatua zinazobaki ni za ufundi.

Hatua ya tatu: chora kijiji jinsi kilivyobomoka

Chora ramani mbili, moja ya mwaka 1974 na nyingine ya 1996. Katika ya kwanza weka kila kaya, njia ya kisimani, makaburi, mti wa baraza na mpaka wa mashamba. Katika ya pili futa kila ambacho miaka 22 ingekifuta.

Usikose hapa, kwa sababu wasomaji wengi wamekulia vijijini na wanajua. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti haisimami miaka ishirini na mbili bila mtu. Makuti huoza katika misimu michache, mvua huingia, mchwa humaliza fito, na kuta huyeyuka hadi kubaki kichuguu kirefu chenye umbo la chumba. Mlango unaogongagonga kwa upepo ni wa riwaya za nchi za nyumba za mbao; ukiuweka Mikwajuni, msomaji atakucheka. Vinavyobaki ni mafiga matatu, jiwe la kusagia lililolika katikati, vigae, kinu kilichopasuka, makaburi, kisima kama kilijengewa, na miti. Miti ndiyo ramani halisi ya hame: miembe, mikwaju na mikorosho husimama katika safu ambazo pori haliwezi kuzipanga, na mtu anayejua huweza kusoma palipokuwa na ua, palipokuwa na njia na palipokuwa na baraza.

Kama unaweza, tembelea hame la kweli. Omba ruhusa kwa serikali ya kijiji kilicho karibu, ongozana na mwenyeji, na usiondoke na kitu. Makaburi yana wenyewe hata kama huwaoni, na mabaki ya kale yanalindwa Tanzania na sheria ya mwaka 1964. Andika harufu kabla ya kuandika picha. Penye magofu ya mawe kama Gede kuna uvundo mkali wa mavi ya popo, wakati hame la udongo baada ya mvua hunuka kichuguu kilichofukuliwa. Mapambo unaweza kuyabuni ukiwa nyumbani. Harufu haibuniki.

Hatua ya nne: tega madokezo yanayotokana na mahali

Dokezo zuri katika riwaya ya hame ni kitu ambacho kisingepaswa kuwepo, au kisingepaswa kuwa katika hali kilivyo. Mahali palipoachwa panatakiwa kuwa pamesimama mwaka fulani, na kila kinachoukiuka mwaka huo kinashtaki mtu.

Mfano bora ninaoujua ni kadi ya chama. TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Mikwajuni ilihamwa mwaka 1974, na kila mzee anaapa kwamba hakuna aliyekanyaga huko tangu siku ya malori. Mjukuu wa mjane, ambaye ndiye mpelelezi wetu, anakuta mkebe uliofukiwa chini ya figa, na ndani yake kadi ya CCM yenye jina la karani. Hakuna haja ya kumweleza msomaji kwa urefu. Kadi hiyo haikuweza kuwepo duniani siku kijiji kilipohamwa. Basi karani aliyesemwa kuwa aliliwa na simba kwenye njia ya kijiji kipya alifika hameni, na mtu mwingine aliyekuwa hapo aliihifadhi kadi yake. Angalia pia kwamba imewekwa kwenye mkebe kwa makusudi, kwa sababu karatasi iliyolala udongoni kusini mwa Tanzania haimalizi mwaka mbele ya mchwa.

Dokezo la pili ni daftari la mauzo ya korosho. Mkorosho mchanga huanza kutoa matunda machache mnamo mwaka wa tatu, na mavuno ya kueleweka huchukua muda zaidi. Mtu aliyepanda upya mwaka 1975 hawezi kuuza magunia ya kujaza lori mwaka 1977. Msomaji mkulima ataliona hili kabla ya mpelelezi, na atafurahi, kwa hiyo liweke mapema na ulipitie haraka kana kwamba ni maelezo ya kawaida ya maisha ya kijiji.

La tatu ni ua wa minyaa. Ua usiotunzwa hurefuka, huinama na kuangukiana; ua uliokatwa una watu. Hapa mambo mawili yanakutana. Utomvu mweupe wa mnyaa huchoma macho vibaya sana, na anayeukata kwa uangalifu hujifunga kitambaa usoni. Hivyo yule "mtu asiye na uso" ambaye watoto wachunga mbuzi wamemwona mara mbili akipita kati ya magofu ni bibi aliyejifunika akitunza ua wake. Na yale macho mekundu? Ni utomvu na moshi. Vidole vilivyobabuka ngozi ni mafuta makali ya ganda la korosho, ambayo kila mwanamke aliyewahi kuzikaanga na kuzibangua anayajua. Kila alama ya kutisha inabeba maelezo yake ndani, na ukisoma mara ya pili huoni tena mzimu, unaona kazi.

Madokezo ya kupotosha nayo yanahitajika, lakini yatoke ardhini hapohapo. Mpapai wenye matunda katikati ya hame utamfanya mpelelezi aamini kuna mtu aliyeupanda, wakati ndege na popo hueneza mbegu za papai kila mahali. Simba naye ni kipotoshi chenye uzito, kwa sababu si porojo: kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 Tanzania, na mikoa ya Lindi na Mtwara iliathirika sana. Nguruwe pori huvamia mashamba, wakulima hulala kwenye madungu kuwawinga, na simba huwafuata nguruwe. Kifo cha mtu kikisingiziwa simba, kijiji kizima kitaamini, na kitaamini kwa haki.

Hatua ya tano: panga hofu kwa saa na kwa sauti

Waandishi wengi huweka kila tishio saa sita za usiku. Imani za pwani ni tajiri kuliko hivyo. Magharibi, wakati watoto wanaitwa ndani, ina hatari yake. Na saa sita au saa saba za mchana, jua likiwa la utosi na kivuli kimemezwa na miguu, ni saa ambayo wazee wengi hawapendi mtu apite penye mibuyu au magofu. Hofu ya mchana kweupe inaandikwa mara chache, na ndiyo maana inafanya kazi. Usiku ukifanya kila kazi, msomaji huzoea.

Kuhusu sauti, pori la kusini linakupa zaidi ya utakavyoweza kubuni. Komba mkubwa hulia usiku kama mtoto mchanga aliyeachwa. Perere, mnyama mdogo wa mitini, huanza kwa mikoromo mifupi, huipandisha moja baada ya nyingine hadi inakuwa mayowe, kisha hunyamaza ghafla. Babewana, bundi mkubwa, hutoa mguno mzito ambao mgeni atadhani ni wa mtu. Kanuni ya kutumia sauti hizi ni kumfundisha msomaji mapema. Sura ya tatu mwenyeji amwambie mpelelezi, "Huyo ni komba, lala." Sura ya tisa sauti ileile isikike, msomaji ajisemee ni komba, halafu sauti ianze kutamka maneno ya wimbo.

Tazama tofauti kati ya aya mbili. Ya kwanza ni ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara katika miswada: "Mahali pale palikuwa pa kutisha sana. Kimya kilitanda. Moyo ulimwenda mbio na nywele zikamsisimka, akahisi kwamba kuna kitu kibaya." Mwandishi amefanya kazi yote ya kuogopa, na msomaji amebaki akimtazama. Ya pili:

"Saa saba ya mchana kivuli chake kilikuwa chini ya nyayo. Alipita ua wa kwanza, ambamo minyaa ilikuwa imerefuka na kulaliana, akapita na wa pili. Kwenye ua wa tatu alisimama. Minyaa ya hapa ilikuwa kimo cha kifua, ncha zote sawasawa, na pale panga lilipopita utomvu ulikuwa bado unadondoka."

Hakuna neno hofu hapo. Kuna utomvu ambao haujakauka, na msomaji mwenyewe anahesabu kwamba mwenye panga hajafika mbali.

Hatua ya sita: amua kama ni mtu, ni mzimu, au hutasema

Uamuzi huu ufanyike kabla ya sura ya kwanza na usibadilike. Ukiamua ni mtu, kila jambo la ajabu lipate maelezo yanayokubalika, na maelezo yasiwe dhaifu kuliko hofu iliyotangulia. Msomaji aliyetetemeka kurasa mia mbili hataridhika ukimwambia ilikuwa redio. Ukiamua ni mzimu, basi mzimu uwe na sheria, kwa sababu fumbo haliwezi kufumbuliwa katika dunia ambamo lolote linaweza kutokea. Njia ya tatu, ya kuacha mlango wazi, ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Inafaa pale tu ambapo uhalifu umeelezwa wote na kinachobaki bila jibu ni jambo moja dogo. Kwa Mikwajuni ningeacha hili: mjane anajua jina la mjukuu wake kabla hajaambiwa.

Historia yenyewe inatoa mfano wa mtu aliyejificha nyuma ya imani. Katika miaka ya 1940 huko Singida yalitokea mauaji ya mfululizo yaliyodhaniwa kuwa ya simba, hadi uchunguzi ulipobaini kwamba baadhi ya vifo vilikuwa kazi ya binadamu. Watu wa huko bado wanayakumbuka kwa jina la watu-simba. Ukisoma habari hizo utaona kwamba imani haikuwa ujinga wa wanakijiji. Ilikuwa silaha mkononi mwa aliyejua kuitumia.

Hapa sina budi kusema jambo zito kidogo. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za utajiri. Riwaya inayomfanya bibi kizee wa macho mekundu kuwa mchawi wa kweli, au inayomtumia mwenye ualbino kama kitisho, haichezi na hadithi za kale, inachochea jambo linaloendelea. Mpangilio wa Mikwajuni umekusudiwa kupita upande wa pili: msomaji aanze kumwogopa bibi, na ashikwe na aibu kwa kuogopa kwake.

Hatua ya saba: chagua anayesimulia na watu wanaomficha ukweli

Mpelelezi wa hameni asiwe askari. Askari ana mamlaka ya kuuliza, na mamlaka hupunguza hofu. Mjukuu aliyekuja kudai mikorosho ya ukoo ana haki ya kuuliza lakini hana nguvu ya kulazimisha, na kila anayemjibu ni mkubwa wake. Mwaka 1996 unafaa: sheria ya mwaka 1992 ilikusudia kufuta madai ya ardhi zilizoachwa wakati wa operesheni, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake kwa hoja kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Watu walikuwa na sababu ya kurudi na kuhesabu miti, na wengine walikuwa na sababu ya kutotaka mtu arudi.

Mazungumzo yawe ya adabu hadi mwisho. Adabu yetu ni nyenzo nzuri ya taharuki, kwa kuwa mtu anaweza kukataliwa jambo zito bila sauti kupanda:

"Shikamoo babu."
"Marahaba mjukuu wangu. Za huko mjini?"
"Nzuri babu. Nimekuja kuuliza habari za bibi."
"Bibi yako tulimzika. Kaburi umeonyeshwa?"
"Nimeonyeshwa. Nani aliyemwosha?"
Mzee aliiinua kata ya maji, akanywa taratibu, akairudisha mtungini. "Kula kwanza," alisema. "Umetoka mbali."

Swali la nani aliyemwosha maiti haliwezi kuwa na jibu la kusahau. Waoshaji wa marehemu hujulikana. Mzee hakudanganya, lakini hakujibu, na kila msomaji aliyewahi kukaa matangani amelisikia pengo hilo. Maswali ya namna hii, yanayotokana na desturi za mazishi, mirathi na malezi, yana makali kuliko maswali ya polisi.

Hatua ya nane: gawanya sura, kisha usahihishe kwa wasomaji

Kwa riwaya ya maneno kati ya 60,000 na 80,000, sura 25 hadi 30 zinatosha. Mpelelezi aingie hameni mapema, ikiwezekana kabla ya sura ya tatu, kisha alazimike kutoka na kurudi mara kadhaa, kwa sababu kijiji kipya ndicho chenye watu wa kuhoji na hame ndilo lenye vitu vya kupata. Kila safari ya hameni ikamilishe swali moja na kufungua jingine, na kila mara aende ndani zaidi: mashambani, kisha nyuani, kisha makaburini, na kisimani mwisho. Mbinu rejeshi zitumike kwa ubahili. Mwaka 1974 ningeupa sura mbili tu, siku ya malori na siku ya kaburi tupu, na habari za 1978 ningeziacha zisimuliwe na mjane mwenyewe kwa kinywa chake.

Mswada ukikamilika, wape wasomaji watatu au wanne, na mmoja wao awe mtu aliyeishi kijijini enzi hizo. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize ni ukurasa gani walimshuku shemeji kwa mara ya kwanza, na ni ukurasa gani walihofia usalama wa mjukuu. Wote wakimshuku katika sura ya pili, dokezo la daftari limekaa wazi mno. Asipomshuku hata mmoja hadi mwisho, hukuwatendea haki, na utalazimika kuileta kadi ya chama mapema kidogo. Kurasa mbili hizo zikikaribiana, yaani hofu na shaka vikazaliwa mahali pamoja, muundo umeshika.

Baada ya hapo kinachobaki ni kutafuta mchapishaji. Riwaya ya Kiswahili ina milango miwili inayofaa kujaribiwa kabla ya kuchapa kwa fedha za mfukoni: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na tuzo ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika, tuma mswada uliohaririwa, na mhariri akikuomba uweke mlango unaogongagonga kwa upepo, mkatalie kwa heshima.